Alama Nyuma ya Kijiko

Siku hizi Makambako ukitaka vyombo vya harusi unapiga simu, linakuja gari na viti, maturubai, muziki na sahani za kufanana mpaka zinachosha macho. Zamani ulikwenda kwa mwanamke mmoja. Nitamwita kama tulivyomwita sote, Mama wa Vyombo. Jina lake nilikuwa nalijua, lakini hapa halina kazi. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo wasimulie wanaopenda mambo ya koo. Mimi nilimjua kwa kazi yake, na mtu kwangu ni kazi yake.

Niseme na mimi ni nani, usije ukadhani unasoma maneno ya msomi. Nilitoka Mdandu na shati moja. Shule nilifika darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nilibeba mizigo stesheni, nikauza mafuta ya taa kwa kupima, nikafungua kibanda cha vyombo, kibanda kikawa duka, na leo duka lina ghorofa juu yake. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikisema mtu fulani alikuwa mchapakazi, ujue sitoi sifa za bure.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na vidole vyake vilikunjamana muda wote kwa maji. Hakuwa mtu wa raha kukaa naye. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa hesabu ya vikombe. Ukimsalimu kamwene, ataitika vizuri, halafu atakuuliza lile jagi ulilochukua kwa ajili ya kipaimara limefikia wapi.

Msibani ndiko utamwona alivyo. Anafika na mkokoteni kabla mikeka haijatandikwa, anashusha sufuria, sahani za bati, vikombe, ndoo, anavihesabu mbele ya mtu wa nyumba ile, kisha anakwenda kukaa pale pa kuoshea. Wengine wanalia, yeye yuko kwenye karai. Siku moja shemeji yangu alimwambia kwa ukali, "Mama, marehemu ni rafiki yako, hata chozi?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Nitalia nikimaliza kuhesabu."

Tukaona ni roho ngumu. Jioni watu wameshakula, wameshatawanyika, nimerudi kuchukua koti langu nililosahau, nikamkuta nyuma ya nyumba. Vyombo vimepangwa mafungu mafungu kama askari. Yeye amejifunika kanga kichwani, analia peke yake, kilio cha sauti kabisa. Nilichukua koti nikaondoka kwa kunyata.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu nieleze jambo la alama, maana habari yote iko hapo. Vyombo vya msiba au harusi vinatoka nyumba nyingi. Vikishaoshwa vinachanganyika, na sahani ya bati ni sahani ya bati. Kwa hiyo kila nyumba ina alama yake. Huyu amepaka rangi nyekundu ya kucha chini ya kikombe. Yule ametoboa ukingo wa sahani. Mwingine amegonga herufi zake kwa msumari kwenye tako la sufuria. Alama ya Mama wa Vyombo ilikuwa vidoti vitatu, kama mafiga yalivyokaa jikoni, na alivigonga mwenyewe. Alikuwa akigeuza sahani, anapapasa kwa kidole gumba, hatazami, anaitupa kwenye fungu lake. Hakukosea.

Kwake alama ilikuwa ndiyo sheria. Alisema kitu chenye alama ya mtu ni cha mtu huyo, hata kikilala kwako mpaka uzeeke. Nyumba yake haikuwa na kufuli. Nilimwambia miaka hii si ile, watu wamekuwa wengi mjini, funga mlango. Akasema, "Mwizi ataviuza wapi? Vyote vina mafiga yangu."

Safari moja baada ya msiba alikuta kikombe kigeni kwenye fungu lake, kina mstari wa kijani chini. Aliuliza mitaa yote. Mwenyewe hakupatikana. Mtu mwingine angekitia kabatini. Yeye alikifunga kamba akakitundika kwenye ua wake upande wa barabara, kikakaa hapo masika yote, kinapigwa mvua, mpaka mwanamke mmoja aliyehamia Mahongole akapita akakitambua. Watu walimcheka. Kikombe chenyewe kilikuwa kimemomonyoka. Lakini ndiyo maana hata walioshindwa kupatana na ulimi wake walikwenda kwake kuazima. Ukichukua kwake, hakuna atakayekuja kukugombeza kwamba umekula chakula kwenye sahani ya wizi.

Sasa nije kwenye vile vijiko.

Ujanani alikuwa yaya kwa walowezi Waingereza waliokuwa na shamba la pareto upande wa Njombe, kule juu kwenye baridi ya miti ya miwati. Walipoondoka nchini, alibaki na sanduku la mbao lenye kitambaa cha kijani ndani. Humo mlikuwa na vijiko, uma, upawa, koleo dogo la kuchukulia sukari, na kando yake birika la chai lenye tumbo kama la kuku anayetaga. Vyote vya madini ya fedha. Alisema Memsahibu alimpa. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeuliza zaidi. Wakati reli inajengwa akaja Makambako kuwapikia wafanyakazi, akaja na sanduku lake, na reli ilipokwisha akaanza kazi ya vyombo.

Mimi ni mtu wa vyombo. Nimeshika aluminiamu, chuma cha pua, shaba, bati. Lakini kile kijiko ukikishika ulijua umeshika kitu kingine. Kilikuwa kizito bila kuwa kinene. Mpini umepinda kidogo mwishoni kama mtu anayeinama kukupokea, na ukitazama kwa karibu ukingo hauko sawasawa kabisa, unaona mkono wa mtu ulipita hapa na hapa. Mashine haikosei vile.

Vile havikuwa vya watu wote. Vilikuwa vya meza ya maharusi peke yake. Mabibi harusi wa Makambako na wengi wa Njombe wamekula keki na kunywa chai kwa vijiko vilevile, Wakatoliki, Walutheri, hata binti za wafanyabiashara Waislamu waliohamia hapa kutoka mikoa mingine. Na wote wameungua midomo. Fedha inabeba moto haraka, ukikorogea chai mpini unawaka mpaka juu. Ilikuwa ni utani wa mji mzima. Bibi harusi akiruka kidogo mezani, watu wanasema, haya, sasa ameolewa.

Alivisugua kwa majivu yaliyochekechwa kwa kitambaa, maji ya baridi na ndimu. Na alikuwa na miiko. Harusi moja mpambe alimjia mbio.

"Mama, mayai ya maharusi yameshaiva."

"Wale kwa mkono."

"Kwa mkono, mbele ya padri?"

"Mayai hayagusi vijiko vyangu. Vinakuwa vyeusi. Memsahibu alikataza."

"Memsahibu yuko Ulaya, mama."

"Na vijiko viko hapa."

Wakala kwa mkono.

Bwana mkubwa mmoja wa wilaya alituma mtu kuviazima kwa ajili ya wageni wake. Yule aliyetumwa alikuja na gari, na sauti ya gari. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mheshimiwa anaoa?"

"Hapana, ana wageni kutoka makao makuu."

"Akioa aje."

Lakini kuna dada mmoja, msusi wa vikapu, aliolewa kwa ugali na maharage, hana hata wa kumsimamia. Mama alikwenda na sanduku bila kuitwa na bila kulipwa, akatandika kitambaa cheupe juu ya mbao mbili, akapanga uma kushoto na kisu cha kuazima kulia. Yule dada hakujua uma unashikwaje. Mama akamshika mkono mbele ya watu akamwonyesha, polepole, kama anamfundisha mtoto.

Na yeye mwenyewe? Hakuwahi kuvitia mdomoni. Nilimwuliza. Akasema, "Mimi mkono wangu unanitosha."

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Waliokuwapo wanakumbuka. Jana unapanga foleni ya sabuni, leo lori zinashusha Makambako kila kitu chini ya jua: mitumba, redio, chupa za chai zenye maua, sahani za plastiki ngumu, vijiko vya chuma cha pua vinavyometa bila kusuguliwa. Nilikuwa mmoja wa walioleta. Nilisafiri Kariakoo kila mwezi, nalala juu ya mzigo. Nilimpelekea Mama kifurushi, zawadi, nikamwambia, "Hivi havitaki majivu wala ndimu. Hata mayai vinakula."

Akakigeuza kimoja, akakipinda kwa vidole kikapindika. Akanirudishia. "Hiki kitamzika nani?" akasema.

Nilikasirika siku ile. Lakini vikundi vya akina mama vilianza kununua kwangu, na wanawake wengine wakaanza kukodisha vyombo na wao. Mwanzoni alikuwa yeye tu. Sasa wakawa wengi, vyombo vikawa vingi, na ugomvi wa alama ukawa mwingi.

Ugomvi uliomfika yeye ulitokea Njombe, kwenye jubilei ya ndoa ya wazee fulani. Palikuwa na kikundi kingine kilichonunua uma za zamani za Kizungu kutoka kwenye nyumba ya mapadri iliyokuwa inauza vitu vyake. Baada ya kuosha, uma mbili zikagombaniwa. Mama akasema zangu hizi, nazijua. Wale wakasema zetu. Zikageuzwa. Nyuma ya mpini palikuwa na alama ndogondogo zilizopigwa safu moja: simba anatembea, kichwa cha mnyama, kichwa cha mfalme, herufi, na herufi nyingine mbili pamoja. Na za upande wa pili zina simba vilevile. Mzee aliyeitwa kuamua akavaa miwani, akatazama kote kote, akasema, "Simba huyu si wenu wote wawili. Huyu ni wa Wazungu. Gawaneni moja moja."

Alirudi na uma zake zimepungua moja, na ndani ameumia kuliko hasara ile. Vijiko vile hakuwahi kuvigonga mafiga yake. Alikuwa akiviona vizuri mno vya kugongwa msumari. Sasa akasikia kwa masikio yake, mbele ya watu, kwamba simba si wake. Kwa akili yake, na kwa akili yetu sote wakati ule, alama nyuma ya chombo ni ya nani? Ya mwenye chombo. Kwa hiyo simba na mfalme na zile herufi ni za ukoo wa yule mlowezi, kama rangi ya kucha ilivyo ya mama fulani wa mtaa wa chini. Na yeye amekaa nazo miaka yote, anaazimisha vitu vyenye alama ya mtu mwingine. Yeye, aliyetundika kikombe uani.

Jirani na duka langu palikuwa na fundi wa gereji. Mama alikuja mchana, amebeba sanduku kichwani, akalifungua mbele yetu.

Fundi akachukua kijiko. "Mama, mbona michoro mizuri hii. Kuna kasimba hapa."

"Kasimba si kangu."

"Labda ni cha kiwandani."

"Kiwanda gani kina mfalme? Hizi ni alama za ukoo wao. Walishanipa, sasa futa."

"Zote?"

"Zote. Nisione hata mkia."

Fundi akaweka kijiko kwenye jiriwa, amekizungushia kitambaa kisichubuke, akaanza na tupa laini, kisha msasa. Unga mweupe ukadondoka kwenye benchi, mdogo kama wa chaki. Hata birika aliligeuza tako juu akalipitia. Mama alisimama mpaka mwisho, akalipa, akaenda nyumbani akagonga mafiga yake matatu nyuma ya kila kimoja. Kesho yake nilimwona amekaa mlangoni anaimba. Sikuwahi kumsikia akiimba. Kwa mara ya kwanza vilikuwa vyake.

Mzungu mmoja alikuja baada ya hapo, miaka michache. Gari refu, dereva kijana kutoka Arusha, anasimama dukani kwangu anauliza kama namjua mama mmoja aliyekuwa yaya kwenye shamba la pareto. Mzungu mwenyewe mtu mzima, shingo imeungua jua, amekwenda Njombe kuona nyumba aliyozaliwa, amekuta bati limeng'olewa na nyasi ndani. Nikafunga duka nikawapeleka.

Mama alikuwa anasuka mkeka. Alimtazama mara moja tu. "Anainama kama baba yake," akasema, akasimama, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hata dereva hakulijua. Yule mtu mzima akamkumbatia akalia begani kwake, mbele ya watoto wote wa mtaa na majirani waliokwishakuja kutazama gari.

Sikiliza sasa alichofanya. Aliingia ndani akatoa sanduku. Alitoa mwenyewe. Akaweka birika mezani uani, akapanga vijiko, akamtengea chai mtoto aliyembeba mgongoni, kama alivyokuwa akimtengea mama yake. Mwizi hafanyi hivyo. Lakini haya nayapanga leo, siku ile hakuna aliyepanga.

Mzungu aliona birika akacheka, akaligusa kama mtu anayegusa mbwa wa zamani. Akachukua kijiko, akakigeuza. Kicheko kikaisha.

Dereva akatafsiri: "Anauliza umevipata wapi, mama."

"Mama yake alinipa."

Ikasemwa Kiingereza. Mzungu akatikisa kichwa, si kwa ukali, kama mtu anayefukuza nzi. Dereva akasema, "Anasema mama yake aliwaambia sanduku hili lilipotea safarini, bandarini. Alisema hivyo mpaka siku anakufa."

Nilikuwa karibu. Nilimwona Mama akifungua mdomo, halafu akaufunga.

Mzungu akaendelea, anaonyesha kwa kidole palipopitiwa tupa. Dereva akawa anafuata: "Anasema hapa palikuwa na alama. Simba maana yake ni fedha safi, haina mchanganyiko wa hila. Kichwa cha chui ni mji ilikopimwa, London. Herufi moja ni mwaka. Kichwa cha mfalme ni kodi imelipwa. Na herufi mbili za pamoja ni jina la fundi aliyetengeneza. Anasema fundi huyo alikuwa mwanamke. Mume wake alikuwa mfua fedha, alipokufa, mjane akashika nyundo na karakana, akasajili herufi zake. Baba yao alikuwa akiwafundisha haya mezani kila Jumapili. Anauliza, nani amezifuta?"

"Mimi," akasema Mama.

"Kwa nini?"

Uso wake ulikuwa umegeukia kijiko, si watu. Ndipo yule dereva, bila kutumwa na mtu, akasema kwa Kiswahili mbele ya uwanja mzima, "Lakini mama, mtu hafuti alama kwenye kitu chake."

Mama akakusanya vijiko. Akavifuta kimoja kimoja kwa kanga, akavirudisha kila kimoja mahali pake kwenye kitambaa cha kijani, akafunga sanduku, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye gari, na birika akaliweka juu ya kiti. "Mwambie ni vya mama yake," akasema.

Mzungu alisimama pale na mikono mitupu. Akampa mkono, akaingia garini. Aliamini nini, mpaka leo sijui.

Watu wa uani waliamini walichokiona. Kama ni vyake, amevirudisha kwa nini? Kama havikuwa vya wizi, tupa ya nini? Kabla jua halijazama habari ilikuwa imevuka reli. Yule fundi wa gereji, mtu mwema kabisa, aliona aende kwenye kamati ya kina mama wa kanisani kumtetea. Akasimama akasema kwa sauti kubwa, "Mimi shahidi. Alinijia mchana kweupe na sanduku lote, akaniambia futa zote, nisione hata mkia." Akakaa, ameridhika kwamba ameokoa mtu. Kina mama wakatazamana. Kufikia hapo ilikuwa bado ni uvumi. Yeye ndiye aliyeugeuza ukawa kweli.

Hakuna aliyemtukana. Kwetu hatutukani. Waliacha tu kwenda kuazima. Harusi moja ikapita, nyingine ikapita, mkokoteni ukaegemea ukuta mpaka gurudumu likazama kwenye tope. Vikundi vikaja kununua seti zao dukani kwangu, nikauza kuliko mwaka wowote. Kuuza sijutii, ndiyo kazi yangu. Ninachokijutia ni kwamba mji mzima ulikuwa na maneno juu yake, na hakuna hata mlango mmoja uliofunguka kwenda kumwuliza. Aliuza sufuria zake pole pole. Mafiga yake utayakuta leo kwenye majiko ya watu wasiojua ni ya nani.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa msibani Mahongole, miaka mingi baadaye. Manyunyu, baridi ya kuingia kwenye mifupa, goti langu linauma. Nilizunguka nyuma kutafuta maji ya kunawa, nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaosha vyombo vya watu. Hakuwa na chake hata kimoja pale. Alikuwa amekuja kusaidia tu. Nywele zote nyeupe.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Goti bado?"

"Bado. Mama, nikuulize jambo la zamani."

"Umechelewa, lakini uliza."

"Siku ile kwa nini hukujitetea?"

Akasuuza kikombe, akakikung'uta. "Alinipa kwenye mlango wa jiko, bwana akiwa shambani. Akaniambia, weka chini ya nguo zako, bwana asione. Nikadhani ni uchoyo wa bwana. Sikujua alimwambia vimepotea. Nimejua siku ile, pamoja na nyinyi. Kumbe yule mama alibeba uongo ule kwa ajili yangu mpaka kaburini."

"Ungesema hivyo basi."

"Nimseme kwa nani? Kwa mwanawe? Nimembeba mgongoni. Ametoka Ulaya kuona alipozaliwa, amekuta nyasi. Nimwambie na mama yako alikuwa mwongo?"

"Bora yeye akuone wewe mwizi?"

"Mimi nipo. Mtu aliye hai anaweza kutembea na neno baya. Yule amelala, atajibu nini?"

Nikaokota mwiko, nikaanza kuusuuza, nisikae bure.

"La wizi nimelizoea," akaendelea. "Linaloniamsha ni yule fundi."

"Wa gereji?"

"Wa gereji ana kosa gani? Yule mwanamke. Nilidhani alama ni ya mwenye mali. Ingekuwa ya mwenye mali ningelala usingizi, mali inahama. Kumbe ilikuwa ya mwenye kazi. Mjane, baba. Ameshika nyundo ya marehemu, amegonga kijiko mpaka kimekubali, halafu ameweka herufi zake mbili nyuma, padogo, pasipomsumbua mtu anayekula. Na mimi nikampelekea tupa."

"Alishakufa zamani sana, mama. Hata hajui."

"Angekuwa hai angegonga nyingine."

Akavuta sahani kutoka kwenye karai, moja ya zile za plastiki ngumu zenye maua, niliijua, zimepita nyingi mikononi mwangu. Akaigeuza, akapapasa kwa gumba, akanisogezea. "Nisomee, macho yamekwisha."

Nilisoma. Herufi ndogo za kuinuka. "Imeandikwa nchi ilikotoka. China."

"Na aliyeitengeneza?"

"Hajaandikwa."

"Hakuandika, au alikutana na mwanamke kama mimi?"

Nimeuza sahani zile maelfu, na sikuwahi kugeuza hata moja nikiwa na swali hilo. Nilitazama tena lile tako la plastiki. Yeye hakungoja. Alikwishaipangusa, akaiweka juu ya nyingine, akanipa fungu lote kifuani.

"Hizi ni za nyumba ya kona, wana rangi ya bluu," akasema. "Peleka, wenyewe wanazisubiri."

Nikazipeleka, zinachuruzika maji.